Mwanahistoria na Lugha ya Shahidi Wake

Majuzi nilialikwa kuketi katika jopo la kumtahini mwanafunzi wa uzamifu katika historia ya kisasa. Mimi si mwanahistoria. Kazi yangu ni isimu. Nilikaribishwa kwa kuwa kanuni za chuo kile, ambacho sitakitaja, hutaka angalau mtahini mmoja atoke nje ya idara inayohusika. Mtahiniwa alikuwa mwalimu wa shule ya upili, mtu wa makamo, aliyejilipia karo kutokana na mshahara wake na kuendesha utafiti wake likizo baada ya likizo kwa muda wa miaka 6. Tasnifu yake ilihusu maisha ya wanawake katika vijiji vya lazima vilivyoundwa katika eneo la Kati wakati wa Hali ya Hatari. Alikuwa amewahoji wazee 38, wengi wao wakiwa wamepita umri wa miaka 80.

Kazi yake ilikuwa njema. Nalisema hilo mapema ili msomaji asidhani kwamba nimeshika kalamu kumdhihaki mtu aliyejinyima usingizi kwa ajili ya elimu. Alikuwa amesoma majalada mengi, hoja zake zilipangika, na Kiingereza chake kilikuwa safi. Zamu yangu ilipofika, nilimwuliza swali dogo tu. Katika ukurasa mmoja alikuwa amemnukuu bibi mzee kwa Kiingereza, akisema kwamba wanawake wa kijiji chake walitolewa kila asubuhi kwenda kufanya "kazi ya jamii". Nikamwomba aniambie ni neno gani hasa alilolitamka bibi yule kwa Kikuyu. Je, alisema ngwatio, yaani ile desturi ya majirani kulimiana mashamba kwa zamu na kwa hiari yao? Au alitumia neno jingine lenye maana ya kazi ya kushurutishwa?

"Sikumbuki, Daktari," alinijibu kwa unyenyekevu. "Nilikuwa nikitafsiri papo hapo na kuandika kwa Kiingereza."

"Na sauti uliyoinasa?"

"Simu ilijaa. Kila nilipomaliza kuandika, nilizifuta ili nipate nafasi ya kuwarekodi wengine."

Wenzangu wawili walitabasamu, mwenyekiti akaitazama saa yake, nasi tukaendelea. Mwalimu yule alifaulu, akatakiwa kusahihisha makosa madogo madogo ya chapa. Swali langu halikuandikwa popote katika ripoti ya jopo. Tulipokuwa tukinywa chai baadaye, aliniambia kwamba bibi yule alikuwa amefariki miaka miwili iliyopita.

Tangu siku hiyo jambo hili limekuwa likinikera, nami naomba kulileta mbele ya walimu wenzangu na wanafunzi wanaonuia kuendelea na masomo ya juu ya historia. Rai yangu ni hii: mwanafunzi wa uzamili au uzamifu anayeiandika historia ya kisasa ya nchi hii bila kuyahifadhi maneno ya mashahidi wake kwa lugha waliyoyasemea, ameutupa ushahidi na kubaki na kivuli chake. Wala kosa si lake peke yake. Ni letu sisi tunaomfundisha, tunaomsimamia na tunaomtahini, kwa kuwa hatujawahi kumdai ushahidi huo.

Tuanze kwa kujiuliza ni nini kinachoitofautisha shahada ya juu na ile ya kwanza. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza hupokea. Husoma vitabu vya waliomtangulia, akapima hoja zao, akajibu maswali ya mtihani. Anapoingia uzamili, ambao kwa kawaida huchukua miaka 2, na kisha uzamifu, ambao huchukua 3 au zaidi, anatarajiwa kuvuka mto na kuwa mzalishaji wa maarifa. Huandika pendekezo la utafiti, hutafuta kibali cha serikali, huenda nyanjani na katika hifadhi za nyaraka, na hatimaye huleta jambo ambalo halikujulikana kabla yake. Jambo hilo lina thamani tu ikiwa mtu mwingine anaweza kulifuatilia hadi chimbuko lake na kuliona kwa macho yake mwenyewe. Anayenukuu jalada hutaja nambari ya jalada, ili nami nikiwa na shaka nende nikalifungue. Lakini anayemnukuu mzee kwa lugha ambayo mzee yule hakuisema kamwe, na asiache sauti wala maandishi ya asili, anatutaka tumwamini tu. Imani ni jambo jema mahali pake. Katika usomi haitoshi.

Huenda msomaji akasema kwamba mhadhiri wa isimu anavutia ngozi kwake, na kwamba neno ni neno tu, maadamu maana imefika. Hebu basi tuangalie mifano michache.

Chukua neno kipande. Sheria ya kuwasajili Waafrika ilitungwa mwaka 1915, na ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika mwenye umri wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kubeba cheti chenye alama za vidole vyake na maelezo ya waajiri wake, na wengi walikibeba ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Katika nyaraka za Kiingereza hicho ni cheti cha usajili, jina baridi la ofisini. Kwa Kiswahili ni kipande, yaani sehemu ndogo ya kitu kilichokatwa. Mfumo ule ulikwisha kufutwa kabla ya uhuru, lakini hata leo Mkenya akiulizwa kitambulisho chake na polisi barabarani, aghalabu husema "kipande changu ki hapa". Kikebe kilivuliwa shingoni, jina likabaki mdomoni. Mwanahistoria anayeandika "cheti cha usajili" kila mara mzee anaposema kipande, amekifuta kiungo kinachoonyesha jinsi raia wa leo anavyoikabili dola.

Chukua pia lile jina la Hali ya Hatari. Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ambayo kwa sheria za Kiingereza ni ya dharura. Kwa Kiswahili ikaitwa ya hatari. Dharura ni jambo la ghafla linalohitaji hatua ya haraka; hatari ni jambo linaloweza kukuangamiza. Mtu akisema "wakati wa hatari", ni hatari ya nani anayoisemea? Ya mlowezi aliyelala na bastola chini ya mto, au ya mama aliyevunjiwa nyumba na kuhamishiwa kijijini? Swali hilo haliwezi kuulizwa na mtu ambaye kinywani mwake maneno yote mawili yamekuwa neno moja la Kiingereza.

Tena kuna wale ambao majalada ya serikali huwaita watiifu. Majirani zao waliwaita ngati, na jina hilo lilikuwa na uchungu ambao kamusi haiwezi kuueleza. Mwanafunzi akiandika "watiifu" bila kutuonyesha kwamba shahidi wake alisema ngati, ameichukua hukumu ya upande mmoja na kuitia kinywani mwa upande wa pili. Haikuwa nia yake. Ni tafsiri iliyomfanyia hivyo.

Sasa turudi kwa ngwatio. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, serikali ya kikoloni iliwashurutisha wakulima wa Murang'a kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo. Wako maofisa waliojitetea kwamba kazi ile haikuwa ngeni, kwamba ilijengwa juu ya desturi za Waafrika wenyewe za kusaidiana. Watu hawakukubali. Mwaka 1947 na 1948 upinzani ulizuka, na wanawake, ambao ndio waliobeba mzigo mkubwa wa kazi hiyo, walikuwa mstari wa mbele. Ilipofika mwaka 1954, zaidi ya watu milioni moja walianza kukusanywa katika vijiji vya lazima zaidi ya 800, na wanawake wakatolewa tena kwenda kazini chini ya ulinzi. Kwa hiyo msomaji ataona kwa nini nilimsumbua mtahiniwa wetu. Ikiwa bibi yule aliiita kazi ile ngwatio, basi ama lugha ya mkoloni ilikuwa imefaulu kuliteka neno la watu, ama bibi alikuwa akilitumia kwa kejeli. Ikiwa alitumia neno la kushurutishwa, basi "kazi ya jamii" katika tasnifu ni utetezi wa mkoloni uliorudi kupitia mlango wa nyuma, ukiwa umevaa joho la uzamifu. Yote matatu yanawezekana. Yawezekana hata kwamba sauti ya bibi ilipanda au ilishuka alipolitamka. Hatutajua kamwe.

Wako watakaosema kwamba masimulizi ya wazee ni mapambo tu, na kwamba historia ya kweli imo ndani ya majalada. Hoja hii ni ya kale na ilikwisha kujibiwa. Mwaka 1963 Hugh Trevor-Roper, mwanahistoria wa Oxford, alikuwa akiuambia ulimwengu kwamba Afrika haikuwa na historia ya kufundishwa, ila historia ya Wazungu barani Afrika. Katika miaka iyo hiyo Bethwell Ogot, aliyetutoka Januari 2025, alikuwa akiandika historia ya Wajaluo wa Kusini kwa kutegemea masimulizi ya wenyewe, kazi iliyochapishwa kuwa kitabu mwaka 1967. Ogot aliweza kuifanya kazi ile kwa kuwa lugha ya mashahidi wake ilikuwa yake. Kizazi chake kilitupigania haki ya kuutumia ushahidi wa mdomo. Sisi tulioirithi haki hiyo tunaitumia ovyo.

Isitoshe, majalada nayo yana visa vyake. Hifadhi ya Kitaifa ya Nyaraka pale Moi Avenue, Nairobi, ni hazina ambayo kila mwanafunzi wa historia yapasa aijue kama nyumbani kwao. Lakini nyingi ya karatasi zile ziliandikwa na maofisa kwa ajili ya maofisa. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 walipigwa hadi kufa katika kambi ya Hola, na taarifa ya kwanza ya serikali ilihusisha vifo vyao na maji waliyokunywa. Hiyo nayo ilikuwa karatasi rasmi. Kadhalika, kabla ya uhuru nyaraka nyingi ziliteketezwa, na nyingine zikasafirishwa kwa siri hadi Uingereza. Haikujulikana hadharani kwamba majalada takriban 1,500 yaliyohusu Kenya yalikuwa yamefichwa Hanslope Park hadi mwaka 2011, wakati kesi ya wazee wetu waliokuwa wameteswa vizuizini dhidi ya serikali ya Uingereza ilipokuwa ikiendelea mjini London.

Kesi ile ina funzo kubwa kwa mwanafunzi wa shahada ya juu. Miongoni mwa wanahistoria waliotoa ushahidi wa kitaalamu alikuwamo Caroline Elkins, ambaye kitabu chake cha mwaka 2005 kilianza kama utafiti wa uzamifu katika Chuo Kikuu cha Harvard. Kitabu hicho kilipotoka, baadhi ya wataalamu walikilaumu kwa kuwategemea mno wazee waliohojiwa, na mjadala kuhusu baadhi ya hesabu zake haujaisha. Lakini majalada yaliyofichwa yalipofunguliwa, yalionyesha kwamba habari za mateso zilikuwa zikijulikana na wakubwa tangu wakati ule ule. Tarehe 6 Juni 2013 serikali ya Uingereza ilitangaza majuto yake bungeni, na makubaliano ya fidia pamoja na gharama za kesi yenye thamani ya pauni milioni 19.9 kwa ajili ya wadai 5,228. Kwa hiyo neno la mzee si pambo. Lilipofikishwa mahakamani lilisimama. Je, kama siku moja tasnifu zetu zitahitajika mahakamani, au mbele ya tume ya ardhi, wakili wa upande wa pili akauliza, "Shahidi alisema neno gani hasa?", mwanahistoria wetu atajibu kwamba simu ilijaa?

Wala tusidhani kwamba jambo hili halijawahi kufanywa vyema Afrika Mashariki. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati huo kikiwa chuo kishiriki, kiliwatuma wanafunzi wake vijijini kuwahoji wazee waliokumbuka Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Ripoti zao zilikusanywa na kuhifadhiwa pamoja, na hadi leo mtafiti anaweza kuzirejelea. Gilbert Gwassa, aliyekuwa katika kazi hiyo pamoja na John Iliffe, aliendelea kuchimbua hadi akakamilisha tasnifu yake ya uzamifu chuoni hapo mwaka 1973. Angalieni jina lenyewe. Wajerumani waliandika juu ya uasi. Kiswahili husema vita. Mwasi ni mtu aliyemvunjia mtawala wake utii. Mpiganaji wa vita ni mtu aliyekabiliana na adui wa nje. Tofauti ya maneno haya mawili ni tofauti ya vitabu viwili vya historia.

Nimekwisha kuzungumza na wanahistoria kadhaa juu ya haya, nao wamenipa pingamizi ambazo haifai kuzipuuza. Ya kwanza ni kwamba lugha ya usomi wa historia katika vyuo vyetu ni Kiingereza, na mtahini wa nje huenda asijue Kikuyu, Kipokomo wala hata Kiswahili. Nakubali. Sidai kwamba kila tasnifu iandikwe kwa Kiswahili kuanzia kesho, ingawa Katiba ya 2010 imekifanya lugha rasmi sambamba na Kiingereza na sioni kinachozuia. Ninachodai ni kidogo zaidi: andika kwa Kiingereza ukipenda, lakini nukuu ya shahidi iwekwe kwanza kwa lugha yake, tafsiri ifuate chini. Vyuo vingi vya Marekani humtaka mwanafunzi wa uzamifu wa historia athibitishe kwamba anaweza kusoma lugha za kigeni zinazohusu utafiti wake. Wao huzitafuta kwa jasho lugha ambazo sisi tumezinyonya pamoja na maziwa ya mama, kisha tunaziacha mlangoni mwa chuo kama viatu vyenye matope.

Pingamizi ya pili ni ya wakati na pesa. Kuinukuu saa moja ya sauti neno kwa neno kunaweza kummalizia mtu siku nzima, na mwanafunzi wetu ana watoto, ana vipindi vya kufundisha, na karo inamsubiri. Hili ni kweli, nami nalijua kwa uchungu kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Jibu langu ni kwamba afadhali wazee 12 waliosikilizwa na kunukuliwa ipasavyo kuliko 38 waliofupishwa. Ni sisi watahini tuliowazoesha wanafunzi kudhani kwamba wingi wa waliohojiwa ndio uzito wa kazi.

Pingamizi ya tatu ndiyo inayonitia hofu zaidi. Mwenzangu mmoja aliniambia, "Ukisisitiza lugha, kila mwanafunzi ataandika juu ya kabila lake tu." Lakini je, hali si hiyo tayari? Chunguzeni rafu za maktaba zetu mwone ni tasnifu ngapi za Mkamba juu ya Wakamba, Mluhya juu ya Waluhya, Mkalenjin juu ya Wakalenjin. Dawa yake si kuacha lugha. Ni kujifunza ya jirani. Mwanafunzi wa uzamifu kutoka Kisii aliyekaa mwaka mmoja Lamu akijifunza Kiamu kabla ya kuuliza swali lake la kwanza, atatuandikia historia ambayo Mwamu hangeweza kujiandikia, na huenda akatufundisha pia namna ya kuishi pamoja. Na pale ambapo hapana lugha nyingine ya pamoja, tunacho Kiswahili. Katika majalada ya kikoloni nimeona barua na malalamiko yaliyoandikwa kwa Kiswahili na watu wa kawaida, karani akiwa ameambatisha tafsiri ya Kiingereza juu yake. Wanafunzi wengi huisoma tafsiri ya karani na kuifunua karatasi ya chini bila kuitazama. Magazeti ya Kiswahili ya zamani, kama Baraza lililoanzishwa mwaka 1939, nayo yamejaa barua za wasomaji walioishi nyakati zile. Asiyejua maana haambiwi maana. Lakini huyu anaijua, na bado haitazami.

Napendekeza basi mambo manne. Kwanza, idara za historia zimtake kila mwanafunzi wa uzamifu atakayewahoji watu athibitishe kwamba anaijua lugha yao, au aeleze wazi nani alimtafsiria na kwa njia gani. Pili, manukuu yote yawe na maneno ya asili, na unukuzi kamili uwekwe katika kiambatisho. Tatu, sauti zenyewe zihifadhiwe katika maktaba ya chuo kwa idhini ya waliohojiwa, na nakala irudishwe kwa familia, maana kile tulichochukua ni mali yao. Nne, mwanahistoria na mwanaisimu wasimamie pamoja angalau baadhi ya tasnifu hizi. Vyumba vyetu hutenganishwa na ukuta mmoja tu, lakini kwa miaka mingi tumeishi kama watu wa nchi mbili.

Kwa walimu wa shule na wanafunzi ambao hawajafika huko, hamhitaji kungoja kanuni za chuo chochote. Mpeni mwanafunzi wa kidato daftari, mwambieni akamwulize babu au nyanya yake juu ya kazi yake ya kwanza, na aandike neno kwanza, maana baadaye. Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Hawakutuambia la kufanya wazee wakishaondoka.

Nami sina haki ya kuwanyoshea wanahistoria kidole kabla ya kukiri la kwangu. Karibu miaka 20 iliyopita, nikiwa mwanafunzi wa uzamili, nilikwenda kijijini kumrekodi nyanya yangu mzaa baba. Nilikuwa nikichunguza irabu za Kikuyu, ambazo ni saba. Nilimtajia maneno kutoka kwenye orodha yangu naye akatakiwa kuyatamka mara tatu tatu. Lakini kila neno lilimkumbusha jambo. Nilipolitaja neno la mwanzi, akaanza kunieleza handaki lililokizunguka kijiji chao mwaka 1954, jinsi lilivyopandikizwa mianzi iliyochongwa ncha, na jinsi yeye na wanawake wenzake walivyolichimba huku mmoja wao akiwa na mimba kubwa. Nikamkatiza. "Nyanya, tafadhali, neno tu." Akanitazama kidogo, kisha akalitamka neno lile mara tatu, kama nilivyotaka. Niliporudi chuoni nilizikata zile sehemu ambazo, kwa maoni yangu, hazikuhusika. Wasimamizi wangu walinisifu kwa usafi wa sauti. Nyanya alifariki mwaka uliofuata. Irabu zake zote saba ninazo. Jina la yule mwanamke mwenye mimba sina.

Kisa hiki nilimsimulia mwalimu yule tulipokutana tena, alipoleta tasnifu yake iliyosahihishwa. Alinyamaza kwa muda, kisha akanihesabia kwa vidole: kati ya wazee wake 38, 11 wangali hai. Amenunua kinasasauti. Likizo ijayo atawarudia mmoja mmoja, awaulize tena yale yale, na safari hii aache neno lisimame kama lilivyosemwa. Nimemwomba anichukue twende pamoja, naye amekubali.